Kabla ya Kuuza Hisa za Kampuni, Pima Nguvu Halisi za Ofisi ya Mawakili

Ofisi ya mawakili tuliyoanza nayo ilikuwa na sifa kubwa mahakamani. Ilimtetea mjomba wetu katika kesi ya mpaka wa shamba mpaka akapata haki yake, na kwa sababu hiyo, mwekezaji kutoka nje ya nchi alipotaka kununua asilimia 60 ya hisa za kampuni yetu ya kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida, mimi na ndugu zangu wawili hatukufikiria kubisha hodi kwingine. Tovuti yao iliorodhesha kila eneo la sheria tulilolijua na mengine tuliyokuwa hatujawahi kuyasikia, nasi tukaamini kwamba kilichoandikwa pale ndicho wanachokifanya kila siku. Nawaandikia wafanyabiashara wa kadiri yetu, ambao huenda wakauza hisa mara moja tu maishani na hivyo hawana nafasi ya kujifunza kwa kurudia.

Rasimu ya mkataba ilitufikia baada ya wiki tatu, ndefu na yenye lugha nzuri, ikitutaja sisi watatu kuwa wamiliki wa hisa zote. Haikuwa kweli. Sehemu kubwa ya hisa ilikuwa bado kwenye jina la marehemu baba, kwa kuwa mirathi ilipofunguliwa tuligawana nyumba na mashamba, lakini hakuna aliyekumbuka kuzihamisha hisa kwenda kwa msimamizi wa mirathi na kisha kwa warithi. Waliogundua kasoro hiyo ni mawakili wa mnunuzi, si wetu, na kwa siku kadhaa mnunuzi alinyamaza kimya huku tukidhani ameshaondoka. Siwalaumu mawakili wale kwa uvivu, maana walifanya kazi kwa bidii. Kosa lilikuwa letu la kudhani kwamba mtu hodari wa kumhoji shahidi kizimbani atakuwa hodari pia wa kuichambua kampuni.

Ofisi ya pili, ya Dar es Salaam, tulielekezwa na mhasibu wetu. Wakili aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Aliniamkia, akatukaribisha viti, na kabla hatujataja bei akasema, "Mama, naomba kwanza nione daftari la wanahisa." Daftari letu lilikuwa kaunta buku aliyoianzisha baba mwenyewe. Alilifungua mezani akafuata kila mstari kwa kidole, akaenda hivyo mpaka kwenye mstari uliofutwa kwa wino mweupe, akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha ili asome kilichokuwa chini yake. "Hisa hizi zilitoka kwa nani, na kikao kipi kiliidhinisha?" Hatukuwa na jibu. Jioni ileile alikuwa ameshaomba upekuzi wa taarifa zetu BRELA, wakala wa serikali anayesajili makampuni, na majibu yakaonyesha kwamba dhamana ya mkopo wa benki tuliokwisha kuulipa miaka mingi nyuma ilikuwa haijaondolewa kwenye rejista.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya ofisi kuwa na nguvu katika sheria za makampuni. Ukitazamwa kwa nje, uuzaji wa hisa huonekana ni jambo moja, kumbe ndani yake zimo sheria nne au tano zinazogongana. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, umiliki wa kampuni unapobadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya kipindi cha miaka mitatu, kampuni yenyewe huhesabiwa kuwa imeuza mali zake kwa bei ya soko, hivyo inaweza kudaiwa kodi ilhali fedha zote zimeingia mifukoni mwa wanahisa na si kwenye akaunti yake. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kampuni ambayo wenye hisa nyingi si raia haiwezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na sisi, mbali na kiwanja cha kiwanda, tulikuwa na kiwanja cha makazi kwenye jina la kampuni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inataka miunganiko ya makampuni, ukiwemo ununuzi wa hisa unaomkabidhi mnunuzi udhibiti wa kampuni, inayovuka kiwango kilichowekwa, ambacho kwa amri ya mwaka 2017 kilikuwa shilingi bilioni 3.5, itolewe taarifa kwa Tume ya Ushindani kabla ya kutekelezwa, na katika hesabu hiyo mali na mapato ya mnunuzi nayo yanahusika. Sisi wadogo tulijiona hatuhusiki. Mnunuzi ndiye aliyetuvusha.

Kilichonishawishi zaidi si kwamba walizijua sheria hizo, bali kwamba wanaozijua walikaa meza moja. Wakili wa ardhi aliposhauri kiwanja cha makazi kitolewe kwenye kampuni kabla ya mauzo, wakili wa kodi alimkatiza papo hapo, akaeleza kwamba kukitoa nako kunahesabiwa kuwa ni mauzo na kutazaa kodi yake, kisha wakapiga hesabu ya njia zote mbili mbele yetu. Kila mmoja angetuandikia ushauri wake kutoka chumbani kwake, tungepata barua mbili sahihi na hasara moja.

Kwa hiyo, unapokwenda kuzungumza na mawakili, usianze kwa kuuliza kama wanafanya kazi za makampuni, kwa sababu jibu utalipata kabla hujamaliza swali. Wasimulie muamala wako ulivyo, kisha nyamaza usikilize wanauliza nini. Wakiulizia bei na tarehe ya kusaini tu, jihadhari. Wakiulizia daftari, mirathi, hati za ardhi, mikopo na wafanyakazi, endelea nao. Uliza pia ni nani atakayeshika kalamu kila siku, kwa maana wakili mkuu unayemwona kwenye kikao cha kwanza huenda usimwone tena hadi siku ya kusaini, na huyo atakayeshika kalamu omba akueleze kwa Kiswahili kifungu kigumu kuliko vyote katika mkataba. Mikataba ya namna hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, lakini wakili anayekielewa kifungu ataweza kumweleza hata mjomba asiyejua neno la lugha hiyo.

Orodha za kimataifa zinazopanga ofisi za mawakili kwa madaraja, kama ile ya Chambers, zina faida yake, ila kumbuka kwamba ofisi zenyewe ndizo zinazopeleka maelezo ya kazi zao pamoja na majina ya wateja wa kuhojiwa, na kazi zinazong'ara humo ni za mabenki, gesi na migodi. Hali ya wakili mmoja mmoja unaweza kuihakiki katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Uliza pia mapema kama ofisi hiyo imewahi kumhudumia mnunuzi wako au benki yako, na jibu uombe kwa maandishi.

Jambo la mwisho ni kazi ya baada ya kusaini, ambayo wengi huiacha ielee. Barua ya makubaliano ya kazi itaje nani atalipia ushuru wa stempu wa hati za kuhamisha hisa, nani atawasilisha BRELA mabadiliko ya wanahisa na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na hisa hizo, nani atahakikisha dhamana za zamani zimefutwa, na ada ya kazi hizo kama imo au ni ya ziada. Sisi tulikubaliana kwamba fungu la mwisho la ada lisilipwe mpaka tukabidhiwe jalada lenye risiti zote na nakala ya upekuzi mpya, na binti yule alilileta mwenyewe Singida, pamoja na daftari jipya la wanahisa na ile kaunta buku ya baba.