Moyo wangu dhaifu, mume wangu hawezi kujigeuza

SWALI: Dokta, niko Kadutu, Bukavu, nina miaka 56. Waliniambia moyo umepanuka, nameza furosemidi na kaptoprili. Mume wangu alipooza upande wa kulia baada ya kiharusi, na mimi ndiye namwinua na kumwogesha. Siku za kumwogesha huwa naacha dawa ya kukojoza, maana siwezi kumwacha na sabuni mwilini nikakimbilia choo. Je, kumwinua kunaniharibia moyo? Siku hizi nalala nimeketi, labda ni uchovu.

JIBU: Mama, nianze na hilo uliloliweka mwisho kama jambo dogo. Mwenye moyo dhaifu akishindwa kulala chali, mara nyingi ni maji yanayojaa mapafuni. Nenda kituo cha afya kesho asubuhi. Pumzi ikikubana hata umetulia, au ukikohoa povu, usingoje kuche.

Na maji hayo nadhani najua yalikotoka: dawa unayoiruka ndiyo inayoyatoa mwilini. Kidonge cha furosemidi huanza kukojoza ndani ya saa moja hivi, na baada ya saa sita nguvu yake imekwisha. Basi mwogeshe kwanza, umeze saa nne. Alasiri uko huru. Kuichelewesha saa chache hakuna neno, kuiruka ndiko kubaya. Weka pia ndoo yenye kifuniko chumbani. Kwenye nyumba zetu za mlimani, choo kikiwa chini ya ngazi za udongo, hata mzima hurudi akihema.

Sasa kumwinua. Ukibana pumzi na kukaza tumbo ili unyanyue mtu mzima, shinikizo la damu hupanda ghafla na moyo uliochoka hulemewa. Kwa hiyo usinyanyue, vuta. Kunja kitenge kigumu mara mbili, kikae chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Ukitaka kumgeuza, vuta kitenge huku ukitoa pumzi. Yeye naye afanye kazi: akunje goti la kushoto, asukume godoro kwa mguu huo. Wagonjwa wengi wa kiharusi hubebwa kama gunia ilhali nusu ya mwili ina nguvu! Kiti kiwekwe upande wake wa kushoto, asimame kwa mguu huo, wewe uzuie goti la kulia lisilegee. Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza, bega litateguka. Asipoweza kusimama hata kidogo, hiyo ni kazi ya watu wawili; mwombe kijana wa jirani. Bidoni la maji la lita 20 pia mwachie kijana huyo.

Mgongo utakuuma, na dukani watakupa diklofenaki au ibuprofeni. Kataa, zinafanya maji yabaki mwilini na, pamoja na dawa zako, zinaweza kuumiza figo. Chukua parasetamoli. Chumvi unaijua, ila makayabu, wale samaki wa chumvi, na vile vidonge vya mchuzi navyo ni chumvi.

Ukipata mizani, jipime kila asubuhi baada ya kukojoa. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu, ni maji, si mafuta.

Na kesho kituoni useme wazi kwamba umekuwa ukiruka dozi. Usiposema, wataona miguu imevimba, watadhani dawa haitoshi, watakuongezea.