Vivimbe kwenye ini la kuku: kansa inaambukizwa?

SWALI: Nina kuku chotara 60 hapa Kongwa. Tetea wa miezi 4 alianza kuchechemea, mwisho akawa analala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Tulipomchinja, ini lilijaa vivimbe vyeupe. Bwana mifugo anasema ni kansa ya virusi. Kansa inaambukizwa? Na sisi tuliokula nyama yake?
Mama mfugaji, Kongwa

JIBU: Mama, kuhusu nyama msiogope. Dalili hizo ni za ugonjwa wa Marek, na virusi vyake havimpati binadamu. Ila atakayeugua tena asiliwe, mzikeni.

Kinachoambukiza ni virusi. Uvimbe huja baadaye, tena si kwa kila kuku aliyevipata. Jambo hili wanasayansi walifundishwa na kuku. Mwaka 1911 Peyton Rous, wa Taasisi ya Rockefeller huko New York, alisaga uvimbe wa kuku, akauchuja kwa kichujio kisichopitisha seli wala bakteria. Maji yaliyopita akawadunga kuku wazima, nao wakaota uvimbe uleule. Virusi vyake si hivi vya Marek, lakini mlango aliufungua yeye. Wengi walisema hayo ni mambo ya ndege tu. Tuzo ya Nobel aliipata 1966, akiwa na miaka 87! Leo tunajua virusi vya HPV huleta saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake, na mabinti wana chanjo yake. Wapelekeni.

Turudi bandani. Marek haina dawa, na kuwachanja hao 59 sasa ni kupoteza fedha, kwani wameshavuta vumbi lenye virusi. Chanjo hudungwa kifaranga wa siku 1, chini ya ngozi ya shingo, kwa kawaida mililita 0.2. Haiwekwi kwenye maji ya kunywa kama ile ya kideri. Ikishachanganywa itunzwe kwenye ubaridi na iishe ndani ya saa moja. Kwa joto la Dodoma, chupa iliyosahaulika juani ni maji matupu. Ukinunua vifaranga, muulize mtotoleshaji kama wamechanjwa.

Hata waliochanjwa huugua wakiingizwa mapema kwenye banda chafu, maana kinga huchukua wiki nzima au zaidi kujengeka, na virusi hukaa miezi mingi kwenye vumbi la manyoya. Ondoeni maranda yote, futeni vumbi hadi kwenye kenchi, osheni kwa sabuni, pulizieni dawa ya kuua vijidudu. Vifaranga wakae mbali na kuku wakubwa, na anayewahudumia aanze kwao kila asubuhi kabla hajagusa wakubwa.