Jua ni la maembe: maswali yenu kuhusu samaki na mayai ya siki

Nilitaja mayai ya siki hapa kwa mstari mmoja tu, yaani mayai ya kuchemsha yanayozamishwa kwenye siki na kukaa friji, nikapata maswali ya kunitosha mwezi. Nimechagua machache. Mliouliza bei ya siki, nendeni soko la Kongowea, mimi si duka.

*Shangazi, nyanya yangu huianika achari yake ya maembe juu ya paa siku nyingi, na haijawahi kumdhuru mtu. Mbona wewe wataka mayai yakae kwenye friji? – Binti wa Majengo*

Nyanyako hakukosea, mwanangu. Embe bichi limezaliwa na ukali wake, na ndimu vilevile. Juu ya hapo atia chumvi na pilipili, kisha mafuta. Yai halina ukali wowote, wala samaki. Ukali wote yaupata kwa siki, na siki yaingia polepole kutoka nje kwenda ndani. Ute utakuwa umeshakolea na kiini bado hakijui kama kuna siki duniani.

Hapo ndipo penye hatari. Kuna kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho mbegu zake zimejaa udongoni na hazifi kwa maji ya kuchemka. Kinapenda pasipo na hewa, penye joto, na pasipo na ukali. Ukali hupimwa kwa kipimo cha pH: namba ikishuka, ukali umezidi, na pH ikiwa chini ya 4.6 hakiwezi kuota. Kiini cha yai lililozamishwa juzi hakijafika huko. Sasa lipeleke juu ya paa, kwenye jua la Mombasa, uone kama hujakitandikia kitanda.

Haya yalishatokea. Mwaka 1997 huko Illinois, Marekani, mzee mmoja alitengeneza mayai yake ya siki nyumbani. Aliyatoboa kwa vijiti vya meno ili siki iingie upesi, akayaweka nje ya friji, na mara nyingine yakapigwa na jua. Akapooza kwa sumu ya kijidudu hicho. Yalipopimwa, sumu ilikuwa nyingi zaidi ndani ya kiini kuliko kwenye siki yenyewe. Kwa hivyo usitoboe. Kijiti ndicho kinachoweza kuingiza mbegu ndani. Na sumu hiyo haina harufu wala ladha, basi hilo la “nitaonja kidogo nione” liache kabisa. Mtu aliyekula akianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Usingoje asubuhi.

*Nauza mayai ya kuchemsha na kachumbari. Nataka kuongeza ya siki, niyaweke kwenye chupa kubwa mezani wateja wayaone. Nifanyeje? – Mama wa kibanda, Kisauni*

Chupa ya maonyesho mezani, hapana. Nje ya friji chakula hiki hakitakiwi kuzidisha saa mbili, na kwa joto letu la Januari mimi nasema saa moja. Toa machache kwenye kontena yenye barafu, mengine yabaki ndani.

Namna ya kuyatengeneza: chemsha mayai 12 hadi yawe magumu, yatie maji baridi, yamenye. Yaliyokaa siku chache hayasumbui kumenya kama ya leo. Lililopasuka au kuchubuka kula wewe, usilitie chupani. Weka sufuriani vikombe viwili vya siki kwa kikombe kimoja cha maji, vijiko viwili vidogo vya chumvi, kijiko cha sukari, pilipili manga na karafuu mbili tatu, uchemshe. Mimina ikiwa moto juu ya mayai kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto. Chupa ya lita moja inatosha mayai 12 ya wastani, yawe na nafasi ya kuogelea na yote yazame. Funga, tia friji. Madogo yape wiki moja hadi mbili, makubwa mbili hadi nne. Yamalize ndani ya miezi mitatu.

Mambo mawili hapo. Soma lebo ya siki: iwe na asidi ya asetiki asilimia 5. Chupa isiyo na lebo ni ya kusafishia sinki. Na usichemshe siki kwenye sufuria ya alumini. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Sufuria ikafanya madoa na mayai yakawa na ladha ya sarafu. Tumia ya chuma kisichoshika kutu.

*Nilinunua jodari jioni, bei nzuri, nikamtia siki. Tulipokula uso ukawaka moto, kichwa kikagonga, mwili ukawasha. Siki ilikuwa mbovu? – Baba Likoni*

Siki haina kosa. Jodari, nguru na vibua ni samaki ambao wakikosa barafu nyama yao hutengeneza sumu iitwayo histamini. Ikishaingia, hutaitoa. Moto hauiui, friza haiiui, siki haiiui. Wengi hudhani ni mzio wa samaki, kumbe ni samaki aliyeshinda juani tangu asubuhi. Ile bei nzuri ya jioni ndiyo iliyokuambia. Nunua asubuhi, kwa muuzaji mwenye barafu, na ubebe yako kwenye kontena ukivuka feri. Foleni ile unaijua.

*Samaki wa siki atiwe mbichi au apikwe kwanza? – Mgeni wa Mji wa Kale*

Kuna watu Ulaya wanaotia mbichi, lakini wao humgandisha kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku nzima au zaidi ili minyoo ife. Chumvi na siki si za kutegemea kwa minyoo, na kile kisanduku cha barafu juu ya friji yako hakifiki huko. Mkaange. Cape Town hula samaki wa siki wakati wa Pasaka, na wao pia humkaanga kwanza, kisha vitunguu na bizari.

Mimi hukata nguru vipande, hutia chumvi na manjano, hukaanga hadi ndani kuiva. Vitunguu vingi vya duara navichemsha kidogo tu kwenye siki pamoja na thomu, tangawizi, uzile, bizari na sukari. Vitunguu vibaki na ukakamavu. Kisha safu ya samaki, safu ya vitunguu, siki ifunike yote. Friji siku mbili kabla ya kuonja. Kwangu hajawahi kumaliza wiki, kwa sababu ya walaji, na sikushauri umweke zaidi.

*Ndimu badala ya siki?* Hapana. Ndimu moja kali, nyingine maji matupu. Kamulia mezani.

*Stima ikipotea?* Usifungue friji. Ikikaa imefungwa hushika baridi kama saa nne. Ikipita hapo na ndani pameshapata joto, samaki tupa. Najua inauma, nguru si bei rahisi.

*Thomu wangu amegeuka kijani na buluu ndani ya siki!* Hiyo ni rangi tu, ukali wa siki ukikutana na thomu. Kula.