Mti wa Bodh Gaya ni uleule?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, nina miaka 63. Binti yangu anasoma Patna, nchini India, na Disemba nitakwenda kumwona. Habari za Mfalme Ashoka, mtawala wa India ya kale, nimezifundisha miaka mingi kwa kusoma vitabuni tu. Safari hii nataka nifike Bodh Gaya, pale Budha alipopata nuru. Mimi si Mbudha. Je, nitaruhusiwa kuingia? Magoti nayo yananisumbua. Halafu huo mti wanaoonyeshwa watu, ni uleule kweli au tunauziwa hadithi?
Mwalimu Mstaafu

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nianze na hilo la mwisho, maana hata mimi ndilo lililonipeleka.

Si uleule, ila ni wa ukoo huo. Ni mti wa jamii ya mkuyu, wenyeji huuita pipal. Jani lake lina umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia wa panya, na hutikisika hata wakati wewe huhisi upepo wowote. Pale pamesimama miti kadhaa, mmoja baada ya mwingine. Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyefika karne ya 7, aliandika kwamba mfalme Shashanka aliukata na kuichoma mizizi yake. Mwaka 1876 dhoruba ikauangusha mti mkongwe uliokuwa umekwisha kuoza. Huu wa leo ulipandwa mwaka 1881 na Alexander Cunningham, Mwingereza aliyesimamia idara ya mambo ya kale. Waongoza watalii watakuambia mche uliletwa kutoka Anuradhapura, Sri Lanka, ambako Sanghamitta, binti wa Ashoka, alipeleka tawi la mti wa kwanza karne ya 3 kabla ya Kristo. Lakini Cunningham mwenyewe aliandika kwamba mbegu za mti ulioanguka zilikuwa zimekusanywa mapema na miche ilikuwa tayari. Mimi namwamini aliyeshika jembe. Wewe ndiye mwalimu wa historia, utaamua.

Kuingia hakuna shida. Hakuna kiingilio na hakuna atakayekuuliza dini yako. Kwa sheria ya mwaka 1949 hekalu la Mahabodhi, ambalo mti uko nyuma yake, husimamiwa na kamati yenye Wabudha na Wahindu pamoja, kwa kuwa Wahindu wengi nao humhesabu Budha kuwa ni mungu wao Vishnu aliyeshuka kwa umbo jingine. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, na unapozunguka hekalu liwe kuliani kwako, kama wafanyavyo wenzako wote.

Simu ndiyo haiingii. Mimi nilijifanya mjuaji: nikapanga foleni alfajiri, simu mfukoni, nikafika kwenye ukaguzi, nikarudishwa hadi kwenye makabati ya nje na kuanza foleni upya nyuma ya kundi la mahujaji wa Thailand. Kamera ya kawaida inaruhusiwa kwa kulipia kibali.

Sasa magoti. Hekalu liko chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo kuna ngazi za kushuka, na ulizozishuka utazipanda. Shuka taratibu. Viatu huvuliwa, na sakafu ya mawe asubuhi ya Disemba ni baridi kama barafu. Chukua soksi nene. Baada ya hapo huna haja ya kutembea sana. Tafuta ukingo wa kukaa upande wa magharibi, nyuma ya hekalu, mti ulipo, ukae saa nzima. Utasikia mbao zikikwaruzwa: ni Watibeti wanaosujudu kwa kujilaza kifudifudi, wanainuka, wanarudia, mamia ya mara. Usizivuke mbao zao. Jani likidondoka utaona watu wazima, watawa kwa raia, wakilikimbilia kama watoto wanavyokimbilia embe. Mimi sikuwahi hata moja. Mama mmoja mzee, lugha hatuelewani, alinipa lake akaenda zake. Usichume mtini.

Ukikaa hapo, chungulia katikati ya shina na ukuta: kuna bamba la jiwe liitwalo Vajrasana, linaloaminika kuwekwa na Ashoka mahali Budha alipoketi. Ashoka wako mtafute hapo. Mnara wa hekalu wenyewe, wa matofali, wenye urefu wa takribani mita 50, ni wa karne ya 5 au ya 6, na umekarabatiwa sana karne ya 19. Sehemu kubwa ya uzio wa mawe unaouona ni nakala. Vipande vya asili vimo kwenye jumba la makumbusho, mwendo mfupi kutoka hekaluni. Wengi hulipita bila kuingia. Wewe ingia.

Nje jihadhari na kijana mchangamfu atakayekusindikiza bila kuombwa. Wangu alikuwa na adabu sana, akanifikisha kwenye chumba chenye madawati manne, eti shule ya yatima, na daftari la michango likafunguliwa haraka kuliko mlango. Nilitoa. Hadi leo najicheka.

Siku ya pili, panda bajaji uvuke daraja la mto Niranjana, ambao miezi mingi huwa ni mchanga mtupu, uende kijiji cha Bakraur. Huko kuna stupa, yaani kilima cha ukumbusho cha Kibudha, ya matofali, inayomkumbuka Sujata, mwanamke aliyempa Budha wali wa maziwa alipokuwa amekonda kwa kufunga. Pametulia, na mwinuko ni mdogo.

Disemba ni msimu wa mahujaji, basi mwambie binti yako awahi kuweka chumba. Kutoka Patna mtapanda treni hadi Gaya, kisha bajaji kama kilomita 15. Ukungu wa mwezi huo huchelewesha treni kwa saa nyingi, kwa hiyo usipange kurudi Patna siku ileile ya ndege.