Kidonda kimefunga, kwa nini abaki wodini?
Dada uliyeuliza kama mwanao aliyemwagikiwa uji wa moto shingoni na kwenye kiwiko abaki wodini kwa mazoezi, ilhali kidonda kimeshafunga: mwache abaki, tafadhali. Kovu la moto huendelea kujikunja kwa miezi, likavuta kidevu kifuani na mkono ukagoma kunyooka. Pale atafungwa banzi usiku, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kiungo kisijikunje, mtaalamu wa fiziotherapia atamnyoosha kila siku, nawe utafundishwa. Wangu alilazwa bila mto, kitambaa kilichoviringwa kikiwa chini ya mabega ili shingo inyooke. Alilia, jamani. Mkono tulimnyooshea kwa puto, ili alifukuze juu kwa mkono huo. Na usiache kliniki baadaye, maana mtoto anarefuka lakini kovu halirefuki naye.