Barua kwa mwanangu: Kabla hamjatia sahihi pamoja

Mwanangu,

Umeniuliza kama wewe na mumeo mnaweza kubadili fomu za kodi ya Marekani ya 2024 mlizofaili kila mtu kivyake, ziwe fomu moja ya pamoja. Mnaweza. Mjaze fomu 1040-X, ile ya kurekebisha kodi, ndani ya miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya kufaili, bila kuhesabu muda wa nyongeza, na mtie sahihi wote wawili. Ila kurudi nyuma hakuna. Tarehe ya mwisho ya kufaili ikishapita, waliofaili pamoja hawawezi tena kutengana kwa mwaka ule.

Hapo ndipo roho yangu inaposita, maana namkumbuka mama yako mdogo. Alitia sahihi fomu ya pamoja mezani kwetu kule Houston, baba yenu mdogo kakunja karatasi zote, kaacha wazi ile ya mwisho tu, kamshikia na kalamu. Nikamwambia, karatasi husomwa kwanza. Akacheka: "Dada, si mume wangu huyu?" Wameshaachana, ndipo barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikaja kwa jina lake. Biashara ya magari ya yule mume ilikuwa na mapato yasiyotajwa. Mkifaili pamoja, kila mmoja anadaiwa deni lote, kodi na riba na faini, na talaka haimtoi mtu. Akajaza fomu 8857 kuomba aondolewe deni. Wakamtaka aonyeshe kwamba siku ile hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua. Mtu anaonyeshaje jambo asilolijua? Bado linaniuma.

Lakini mumeo si yule. Namjua, mafuta ya lori lake huyaandika daftarini kabla hajawasha injini. Na kufaili kivyake kunawaumiza: wewe uko mwaka wa pili wa uuguzi, na ile nafuu ya ada ya chuo, inayofika hadi dola 2,500, wanandoa waliofaili kivyao hawaipati. Hizo si hela za kuachia hivihivi. Halafu nawaza, hata mama yako mdogo alimwamini wake.

Sikuamulii, ingawa ulimi unaniwasha. Karatasi husomwa kwanza, mwanangu, hata ya mume mwema. Mwambie alete ile ya mapato na matumizi ya lori, mkae nayo, ulinganishe na daftari mstari kwa mstari. Usipoelewa mahali, nipigie kabla hujashika kalamu.

Mama yako