Mwizi tumemshika, sasa?

Barua za mwezi huu nimezimwaga kwa meza na karibu zote zimetoka Eastlands ya Nairobi, na karibu zote ni za wezi. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kirefu juu hiyo ndio imebeba zingine.

SWALI: Mzee, salamu nyingi. Mimi naishi Umoja kwa ploti ya floo tano, nyumba arobaini. Tangu mwaka uanze mitungi ya gesi imeenda sita, viatu vya mlangoni hatuhesabu tena, nguo za kamba ndio usiseme. Tukachoka. Tukafungua grup ya wasapu, wanaume kumi na wanne tukagawana zamu, kila usiku watu wawili chini kwa ngazi na tochi na filimbi, maana soja mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na masikio hayashiki vizuri. Wiki ya pili, saa tisa usiku, filimbi ikalia. Kushuka tukapata jamaa amebeba mtungi wa kilo 6 mgongoni, ameufunga na leso kama mama na mtoto. Watu walimwangukia vibaya, kuna mmoja alikuwa ashatoka mbio kutafuta tairi kwa jamaa wa pancha, ikabidi mimi na keiteka tumzingire mwizi tuseme huyu anaenda stesheni. Tukampeleka kwa miguu. Mwenye mtungi akachukua mtungi wake akarudi, juu alikuwa na watoto wa kwenda shule na chai haijapikwa, na sisi wengine kukikucha tukaenda job. Siku ya tatu namwona jamaa kwa stage anakula mahindi choma, ananiangalia, anacheka. Sasa grup imechemka, wanasema wa pili hatafika stesheni, na mimi naitwa Wakili wa Wezi. Nauliza tu, sheria iko upande gani? – Huyo Wakili, Umoja

JIBU: Wakili, hilo jina usilikatae, kuna mama mahali mtoto wake yuko hai juu yako na hakujui.

Sheria iko upande wenu kwa ile sehemu ya kushika. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, kifungu cha 34, inasema raia yeyote anaweza kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake. Si lazima uwe askari. Kifungu kinachofuata, cha 35, kinasema ukishamkamata umkabidhi polisi bila kuchelewa, na kama hakuna askari karibu umpeleke stesheni iliyo jirani. Kwa hivyo ile safari yenu ya miguu saa tisa usiku ilikuwa ya kisheria kabisa. Kile hakikuwa cha kisheria ni hiyo "kumwangukia vibaya" umeitaja ukapita. Nguvu unaruhusiwa ni ile ya kumzuia asitoroke. Mtu ameshalala chini, mikono imefungwa na ile leso yake mwenyewe, teke linalofuata si la kumshika tena, hilo ni la kwako na unaweza kuulizwa.

Sasa rudi usome barua yako pale umeandika haraka haraka. Mwenye mtungi akachukua mtungi wake akarudi. Wakili, hapo ndipo mwizi alitoka, si siku ya tatu. Fikiria ule askari wa kaunta: ameachiwa mtu uso umevimba, mtungi hakuna, mwenye mtungi hakuna, hakuna hata mmoja wenu kumi na wanne ameandika stetimenti, wote mko job. Katiba ya 2010, ibara ya 49, inataka huyo mtu afikishwe kotini ndani ya saa 24. Atafikishwa na nini? Na hadithi? (Sisemi hakuna askari wa kulainishwa, wako, mimi mwenyewe nimewahi kuibiwa halafu nikaitishwa pesa ya mafuta ya gari ndio waende kumtafuta mwizi. Hao ripoti yao inapelekwa IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi. Lakini hii yenu hata hongo haikuhitajika, mliifanya iwe rahisi.)

Siku ingine fanyeni hivi. Aliyepiga filimbi, aliyemshika na mwenye mali, hao watatu waende na wasirudi mpaka waandike, hata kama chai italala. Itisheni namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni, muiandike mahali, si kwa kiganja. Kila mtu aandike yake, kile aliona kwa macho yake, si kile grup ilisema. Andika ni saa ngapi, alikuwa amesimama wapi, na stima ya ngazi ilikuwa inawaka ama mlimuona na tochi, juu hilo swali la mwangaza mtaulizwa kotini na wakili wake na ukibabaika kesi imeisha. Mtungi unabaki kama eksibiti. Najua hiyo inauma, ndio maana watu wanakataa kushtaki, lakini unaweza kuomba koti iamuru upigwe picha urudishiwe. Shika jina la askari anayepeleleza.

Halafu kotini muende. Hapa ndio sisi watu wa Nairobi huwa tunaanguka. Siku ya kesi mlalamishi asipotokea na hana sababu, hakimu anaweza kumwachilia mshtakiwa pale pale, na akishaachiliwa hivyo imeenda. Mimi niliibiwa baiskeli miaka ile, nikaenda kotini mara tano, mara nne naambiwa nirudi, mara ya tano nikaulizwa maswali kama dakika kumi hivi nikatoka. Jamaa alifungwa. Baiskeli nilirudishiwa bila kiti. Ningeweza kusema nilipoteza siku tano za kazi na kweli nilipoteza, lakini mtaani kwetu ilijulikana kwamba huyu mzee huenda mpaka mwisho, na sijaibiwa tena mpaka wa leo.

Na hata ukimwona kwa stage baada ya kushtakiwa usirukie kusema ameachiliwa. Bondi ni haki yake kwa hiyo hiyo ibara ya 49. Anakula mahindi lakini kesi inamngoja.

Kuhusu tairi. Wizi wa kawaida, ule wa mtungi uliokuwa kwa korido, kifungo ni hadi miaka 3. Kuvunja nyumba ya mtu usiku ni hadi 10. Kuua kwa kukusudia hukumu yake inaweza kuwa kifo, na kifungu cha 21 cha sheria ya makosa ya jinai kinasema mkiungana kufanya uovu kila mmoja anahesabiwa ameufanya, kwa hivyo aliyekimbia kwa jamaa wa pancha, aliyetoa petroli ya pikipiki na aliyeshika miguu, wote ni kesi moja. Serikali yenyewe, na majaji wake na jela zake zote, haijanyonga mtu Kenya tangu 1987. Nyinyi mnataka kuchoma mtu kwa mtungi wa kilo 6.

Nikuambie kitu sijawahi kuandika hapa. Miaka ya tisini Huruma, jioni, mtu akapiga kelele ya mwizi na kijana mmoja alikuwa anakimbia, basi. Hakuna aliyeuliza anakimbia nini. Tulikuja kujua baadaye alikuwa anafukuza matatu. Alikuwa na pakiti ya unga ya kilo mbili, ikapasuka, na kesho yake asubuhi bado ule unga ulikuwa kwa barabara na viatu vya watu vimeuchapa chapa kote. Mimi sikurusha jiwe. Lakini nilikuwa hapo na sikufungua mdomo, na wewe ulifungua.

Mwisho kabla niende barua zingine, hilo jeshi lenu la watu kumi na wanne lijulikane. Muende kwa chifu na kwa OCS, mkubwa wa stesheni, mjitambulishe, majina na namba za simu na zamu zenu. Kuna sheria ya polisi ya 2011 inayotambua raia kusaidiana na polisi mtaani, na Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulindana, iko tangu 2013, tuliikopa Tanzania ambako mabalozi wa nyumba kumi ni wa tangu zama za Mwalimu Nyerere. Najua wengi wanaicheka na kwa ploti nyingi imebaki jina tu. Lakini fikiria gari la doria likipinda kona saa tisa usiku likute wanaume wenye rungu wamesimama gizani. Wezi watakuwa nyinyi. Wekeni balbu kila floo, mwangaza mwizi anauogopa kuliko rungu, si bure zile taa refu za mtaani tuliziita mulika mwizi. Na huyo soja mzee msimfukuze. Masikio yameisha lakini macho anayo, na ndiye anajua nani si wa ploti yenu.

SWALI: Mzee hujambo. Nauza mboga Kayole. Kuna vijana walianza kulinda stage yetu usiku baada ya vibanda kuvunjwa, na kusema ukweli walisaidia. Tuliwapatia chai, baadaye mia kwa wiki, sasa ni mia mbili na mtu akichelewesha asubuhi anapata kufuli yake imewekwa gundi. Hawa ni walinzi ama ni nini? – Mama Sukuma

JIBU: Mama, ukishaogopa kutolipa hao si walinzi tena, na wewe hilo ushalijua ndio maana umeandika.

Nairobi imepitia hii. Wale walioitwa Taliban kule Kariobangi na Mathare walianza kama vijana wa kulinda mtaa. Mungiki, genge lingine, nao wakawa wanatoza matatu na ploti. Machi 2002 vita vya makundi hayo mawili vikalipuka Kariobangi, watu zaidi ya 20 wakauawa kwa usiku mmoja kwa mapanga, na mwezi huo huo serikali ikapiga makundi hayo marufuku. Hayakuisha kwa tangazo, ndio maana 2010 ikabidi itungwe sheria nzima ya magenge. Yote huanza na chai, mama. Mlinzi wa kulipwa siku hizi anatakiwa awe amesajiliwa chini ya sheria ya 2016 ya walinzi wa kibinafsi, sasa wakiwa vijana wazuri kweli mkaeni nao kama kikundi cha wauzaji, waende wasajiliwe, pesa iandikwe kwa kitabu na iwe na risiti. Lakini wewe peke yako usisimame mbele yao na kibanda chako kiko hapo usiku. Ongeeni kwanza kina mama wote, mwende kwa chifu mkiwa kumi, ama upige ile laini ya bure ya DCI, wale polisi wapelelezi, 0800 722 203, ambayo hata jina hawakuitishi. Na hiyo mia mbili lipa mpaka siku hiyo. Sikuambii ukapigane.

SWALI: Picha ya kijana wangu imezungushwa kwa grup ya mtaa, imetolewa kwa kamera ya duka, ati ndiye anaiba simu. Alikuwa ameenda kununua kredo. Sasa hatoki nje. – Mzazi, Dandora

JIBU: Pole sana. Leo hii, si kesho, piga skrinshoti ya kila kitu, ile picha na maneno yaliyoandikwa chini yake na namba ya aliyetuma. Enda kwa admini wa grup na mzee wa mtaa mkiwa pamoja, aandike hapo hapo kwamba si yeye, kwa herufi ile ile kubwa waliyotumia kumtangaza. Akikataa piga ripoti polisi uchukue OB, kijana awe na hiyo namba kwa simu yake. Kumwita mtu mwizi bila ushahidi unaweza kushtakiwa, na kuna sheria ya 2018 ya makosa ya mtandao na ingine ya 2019 ya kulinda data, picha ya mtu si ya kutupa tu. Na nyinyi wenye kamera za duka, video kama hiyo mpeleke stesheni. Grup ina watu mia mbili na mia moja hamsini kati yao hawajawahi kumuona huyo kijana uso kwa uso, watamjulia na koti ya rangi hiyo hiyo, hata akivaa mwingine.

SWALI: Nikiona mtu anapigwa ngeta, ile ya kukabwa shingo aibiwe, mbele yangu niingilie ama nipite? Jibu fupi tafadhali. – Pipeline

JIBU: Usipite, na usirukie peke yako. Piga nduru, gonga geti za mabati na jiwe, washa taa ya simu, ita watu kwa kelele, juu ngeta inataka giza na dakika moja tu ya utulivu na wewe umeshaivuruga. Wakikimbia usiwafuate kwa kichochoro, wenzao wako huko. Piga 999 ama 112. Angalia viatu, koti watavua mbele kidogo lakini viatu vinabaki. Halafu huyo aliyepigwa usimwache aende nyumbani kulala ati ashaamka na anaongea, shingo imekabwa hiyo, inaweza kuvimba baadaye akiwa usingizini. Mpeleke hospitali usiku huo huo.